Lori Lilale Kwetu Kwanza

Mume wangu ameendesha malori ya watu tangu kabla sijamjua. Ameendesha la mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, la mwenye mbao, la mwenye simenti, na mwisho la tajiri mmoja wa hapa Butembo ambaye alikuwa akimpigia simu hata Jumapili tukiwa kanisani. Mimi kazi yangu ni viazi na kabichi. Navinunua kwa wakulima wa huku juu kwenye baridi, navishusha Beni ambako ni joto na viazi havikubali, na kurudi napanda na ndizi za kupika. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nalipia nafasi kwenye malori ya wengine, nikibembeleza madereva ambao wengine walijifunza kazi kwa mume wangu.

Matajiri wa hapa wana sheria yao: lori linalala kwa mwenyewe. Dereva akimaliza safari analipeleka kwenye kiwanja cha tajiri, anarudisha ufunguo, anateremka kwa miguu hadi nyumbani na koti begani. Kwa hiyo katika ndoa yetu yote hakuna gari lililowahi kulala uani kwetu. Watoto wetu walikua wakijua kwamba baba yao ni dereva kama vile mtu anavyojua kwamba baba yake aliwahi kuwa askari, kwa kuambiwa.

Tulipoweka akiba ya kutosha kununua lori lililotumika, nilimwambia wazi kwamba tuna uwezo wa kununua mara moja tu. Tukinunua bovu, yeye atarudi kuendesha la mtu mpaka macho yamshinde, na mimi nitarudi kubembeleza. Alikubali kwa kichwa. Lakini mimi namjua. Mume wangu akipewa injini ya mtu mwingine aisikilize, hakuna anayemdanganya. Ya kwake mwenyewe ndiyo niliyoiogopa. Nilimwona akitazama picha ya lori kwenye simu kama kijana anayetazama picha ya mchumba, nikajua kwamba hapa lazima mtu mmoja awe na roho ngumu, na mtu huyo ni mimi.

Lori lenyewe tulilisikia kwa mteja wangu mmoja wa viazi. Alisema katika mtaa wa Mulekera, Beni, kuna mzee anauza lake mwenyewe, bila kupitia kwa madalali. Alikuwa akibeba kakao kutoka upande wa Mabalako kwa miaka mingi, na sasa mguu wake wa kushoto umekataa kukanyaga klachi. Mume wangu alimpigia simu, wakaongea kwa heshima ndefu za madereva, mzee akataja bei anayotaka, na kabla ya kukata alimwomba jambo moja tu: asubuhi tunayokuja, asiliwashe lori kabla hatujafika. Injini ya dizeli iliyochoka inajificha ikiwa na joto. Ukitaka kuijua, uikute imelala. Mzee alisema ameelewa.

Tuliondoka Butembo alfajiri, na jua lilikuwa bado halijachoma tulipoingia uani kwake. Lilikuwa lori la tani saba, la buluu, rangi imepauka kama nguo iliyofuliwa sana. Mzee alitupokea kwenye geti akiwa na fimbo, mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Mkewe alitoka jikoni akifuta mikono. Tukasalimiana, tukaulizana habari za barabara, za watoto na za mvua. Na katikati ya salamu hizo mume wangu, bila kuacha kuitikia, alirudi nyuma kidogo, akapitisha mkono nyuma ya kibanda cha dereva na kuuweka juu ya injini. Niliona uso wake ukifunga.

"Papa," alisema, "moteri iko moto."

"Iko moto, ndiyo," mzee alijibu bila wasiwasi wowote. "Tunatoka nayo ku misa."

Nilifikiri nimesikia vibaya. Akaeleza. Siku ile lori lilipofika kutoka kwa mwenyewe wa kwanza, padri alilibariki mbele ya kanisa. Sasa linaondoka, na yeye aliona haifai liondoke kimyakimya kama mwizi. Kwa hiyo alimwita mpwa wake aliendeshe, wakaenda nalo, yeye, mkewe na mpwa, kwenye misa ya asubuhi, padri akalinyunyizia maji, wakarudi. Kuhusu ombi la mume wangu kwenye simu, alikuwa amelikumbuka vizuri, lakini aliona Mungu ametangulia.

Sasa wewe utamjibu nini mtu kama huyo? Ukisema anakudanganya, umetukana misa. Ukinyamaza, umenunua lori lililopashwa moto. Nilimtazama mume wangu, yeye akatazama viatu vyake. Alikuwa ameshaanza kulainika, nilimwona. Basi nikasema mimi, kwa sauti ya adabu niliyo nayo kwa wateja wakorofi, kwamba tunashukuru kwa baraka, na kwamba tutaketi hapa mpaka moteri ipoe.

Mzee aliniangalia kwa mara ya kwanza. Akasema ni sawa, viti vipo.

Wakati tukingoja, mume wangu alikagua yale yasiyohitaji baridi. Alitandika katoni, akaingia chini kwa mgongo, na kwa muda mrefu nilichokuwa nikimwona ni miguu yake tu. Alikuwa akigongagonga chasi kwa spana, akisikiliza. Chuma kizima kinalia, kilichochomelewa na kufichwa kwa rangi kinajibu kwa sauti nzito. Nilifurahi kuona chasi haina rangi mpya, ina kutu yake ya kawaida na udongo mwekundu uliogandana. Alipitisha vidole kwenye matairi kuona kama yanakula upande mmoja. Alishika usukani akauchezesha huku akichungulia gurudumu la mbele. Alifungua mfuniko wa oili, akapaka kidogo kati ya vidole viwili, akanusa. Alitafuta ule weupe wa kama maziwa unaoonyesha kwamba maji yameingia kwenye oili. Hakuuona.

Mzee alimfuata kila upande na fimbo yake, na kabla hajaulizwa alionyesha mwenyewe: hapa nilichomelea, barabara ya Mangina ilinivunjia wakati wa mvua, hapa tairi hili si ndugu wa lile, taa hii haiwaki ukifika kwenye mashimo. Mume wangu alizidi kumpenda. Mimi nilizidi kuogopa. Sokoni, mtu anayekuonyesha viazi vitatu vilivyooza juu ya gunia, mimi huwa nataka kuona vya chini.

Jua lilipanda. Beni jua likipanda linapanda kweli, na injini ya chuma kizito vile haina haraka ya kupoa. Kila baada ya muda mume wangu alikwenda kuweka mkono, akarudi akitikisa kichwa. Na hapo ndipo nilipoanza kusikia harufu ya sombe kutoka jikoni, majani ya muhogo yaliyopondwa vizuri, yamewekwa mawese mapya na samaki wa kukausha.

Nieleze kuhusu mimi na chakula. Nina sheria ya sokoni ambayo sijawahi kuivunja: sili kwa mtu ninayetaka kununua kwake kabla bei haijaisha. Ukishakula fufu yake, mdomo wako unakuwa mzito. Utaanzaje kumwambia mtu kitu chake ni kibovu, na bado una mawese yake kwenye vidole? Nimewaona wanawake wenzangu wakinunua mahindi yenye wadudu kwa sababu ya sahani moja ya maharagwe. Lakini kwetu sisi, kukataa chakula cha mama mwenye nyumba ni tusi ambalo halisameheki kirahisi, na mama yule alikuwa ametoka misa akaingia moja kwa moja jikoni kwa ajili yetu.

Alipotandika meza, mume wangu alinawa na kuketi kama mtu aliyealikwa arusi. Nilimkanyaga mguu. Akausogeza mguu wake, akaendelea. Mimi nikasema tumbo linaniuma. Mama alinionea huruma sana, akafunika sahani yangu kwa sahani nyingine ili nije nile likipona, kisha akaenda nyuma ya nyumba, akachuma majani, akayachemsha, akaniletea kikombe kizima cha dawa chungu kiasi kwamba machozi yalinitoka. Alisimama mbele yangu mpaka nikakimaliza. Mume wangu alikuwa akila huku akitazama pembeni, na mabega yake yanatikisika. Nilimwahidi moyoni kwamba tutaonana nyumbani.

Ile dawa ilinikata tumbo kwelikweli, kwa hiyo kufikia alasiri sikuwa mwongo tena.

Injini ilipopoa hatimaye, mume wangu alikaa kwenye usukani, akafanya ishara ya msalaba, akazungusha ufunguo. Ikawaka papo hapo. Haikusita, haikukohoa. Moshi ulitoka kidogo, mwepesi, ukaisha. Alishuka, akafungua mfuniko wa oili injini ikiwa inanguruma, akaweka kiganja juu ya tundu kuona inapumua kwa nguvu kiasi gani, kwa maana injini iliyokwisha hupumulia hapo kwa hasira. Aliniangalia. Macho yake yalikuwa yakisema jambo moja tu, na mzee naye aliliona, akajiweka vizuri kwenye kiti kama mtu anayesubiri kutajiwa bei.

Nilijichukia kidogo kwa nilichotaka kusema. Lakini nilikuwa nimekumbuka mtaa wetu.

Miaka michache iliyopita jirani yetu alinunua lori kule kule Beni. Kule liliwaka kama pikipiki mpya. Alilipandisha Butembo kwa nderemo, na asubuhi ya kwanza, ukungu umeshuka, baridi ile yetu ya kuvaa makoti mawili, lori likakataa. Likakataa kesho yake na kesho kutwa yake. Kila asubuhi mtaa mzima tulikuwa tukiamka kulisukuma kuelekea mteremko, akina mama na vitenge vyao, katekista na Biblia yake kwapani. Tukawa na afya nzuri mtaani kwetu, lakini jirani aliuza lori kwa hasara. Ni kosa letu sisi watu wa mlimani. Tunashuka Beni kununua, tunapima gari kwenye joto la Beni, halafu tunalipeleka likalale kwenye baridi yetu, na asubuhi tunashangaa.

"Papa," nilisema, "hii moteri imewaka muzuri, nimeona. Lakini Beni kuko moto. Gari hii ilale kwetu kwanza, Butembo. Asubui ikiwaka kule, ndio tutasema bei."

Mume wangu alinitazama kama nimemwaga maziwa. Mama mwenye nyumba aliacha kukusanya vyombo. Mzee alichora kitu ardhini kwa fimbo, akakifuta, akachora tena. Hakukasirika, au kama alikasirika alikuwa na njia ya kukasirika ya watu waliosafiri sana. Mwishowe aliuliza swali moja.

"Na miye nitalala wapi?"

Ndivyo ilivyokuwa kwamba mzee akavaa koti lake la zamani, mkewe akamfungia chapati kwenye karatasi, na sote watatu tukapanda kibandani: mume wangu kwenye usukani, mzee katikati, mimi mlangoni. Sikuwa mtu wa kupandisha lori tupu wakati mlima upo wa kulipima, kwa hiyo tulipitia sokoni nikapakia ndizi mpaka lori likashuka kidogo kwenye springi zake. Mzee alikubali, ila alisema kwamba ameuza vitu vingi maishani mwake na hajawahi kuona mnunuzi anayefanya biashara na kitu ambacho hajakinunua. Nilichukua hiyo kama sifa.

Njiani sikusikiliza injini, mimi sijui kuisikiliza. Nilimtazama mzee. Kila mume wangu alipobadilisha gia, mguu wa kushoto wa mzee, ule uliokataa, ulikanyaga sakafu. Gia nyingine, mguu tena. Alikuwa akiliendesha pamoja naye, na sidhani alijua. Tulipofika mlima wa Kabasha, lori likaingia kwenye gia ndogo na kuanza kupanda polepole na ndizi zangu, mzee aliinama mbele kabisa mpaka paji la uso likakaribia kioo, akasaidia. Lilipanda lote bila kuchemsha maji.

Kwenye kizuizi kimoja askari kijana, mtu wa mbali, alikuja dirishani na kuuliza kwa Kilingala, "Motuka ya nani?" Swali la kawaida, wanaliuliza kila gari. Lakini safari hii hakuna aliyejibu. Mume wangu alifungua mdomo kusema ni la bosi, kama alivyozoea, akakuta hana bosi. Mzee naye akanyamaza, maana alikuwa ameshaliaga kanisani. Ikabidi niseme mimi kwamba mambo bado, tunakwenda kulijaribu. Askari alitutazama watatu, akatazama ndizi, akatupungia mkono tupite.

Tulifika Butembo kabla ya giza. Na hapo nikakutana na jambo ambalo sikulifikiria: geti letu ni la watu na pikipiki. Kabla sijasema tulitafutie lori mahali pengine, mume wangu alikuwa ameshashuka, ameingia ndani, ametoka na panga, na anakata ua wa miti. Ua ule niliupanda mwenyewe nilipoolewa. Alikata kama mtu anayefungua shamba jipya, akitupa matawi kulia na kushoto, na nilipomwambia kwamba gari bado si letu alisema ndiyo, ndiyo, akaendelea kukata. Majirani wakatoka. Mmoja akapiga vigelegele, wengine wakadakia, na kabla lori halijaingia vizuri uani nilikuwa nimepewa pongezi na mtaa mzima. Nilikwenda kutoka kwa mtu hadi mtu nikisema bado, bado, ni la kujaribu, na kila mmoja akacheka na kunishika bega, akidhani ni adabu yangu.

Hapo hofu ilinishika sawasawa. Nilikuwa nimejitengenezea mtego mwenyewe. Kama lingekataa Beni, tungerudi nyumbani na hakuna ambaye angejua. Sasa likikataa asubuhi, litatoka kinyumenyume kupitia lile tundu mbele ya watu wote waliopiga vigelegele, na mume wangu atasimama pale na panga lake. Tulipomaliza kushusha ndizi na kwenda kitandani, nilijua hajalala. Kila mara alikuwa akigeukia upande wa dirisha. Nilitaka kumwambia pole kwa ukali wangu, lakini sikuwa na pole ya kweli, kwa sababu nilikuwa bado naamini niko sahihi. Nilichokuwa nacho ni kwamba nilimwonea huruma, nikaweka mkono mgongoni kwake, akauacha ukae.

Kulipoanza kupambazuka nilitoka kuwasha moto. Ukungu ulikuwa umejaa uani, lori halionekani vizuri. Lakini niliona mtu akizunguka pale mbele, nikajua ni mzee, na damu ikanichemka. Nikasema moyoni, huyu huyu, na misa yake na mashati yake ya pasi, ameamka kuliwasha kwa siri. Nilivaa kandambili zangu nikaenda kwa haraka.

Hakuwa ameliwasha. Alikuwa amesimama kwa vidole na kulifunika. Lile blanketi zito nililompa alalie alikuwa amelitandaza juu ya injini, analichomekea pembeni kama vile unavyomfunika mtoto. Yeye mwenyewe alikuwa na shati tu na lile koti, na meno yake yanagongana. Alipoona nimefika hakukimbia. Alisema kwa unyonge kabisa kwamba ni baridi sana, kwamba kule Beni halijawahi kusikia baridi kama hii. Ilikuwa haieleweki kama anazungumzia lori au anajizungumzia yeye.

Nitasema ukweli wangu: nilisimama pale na nilitaka kuliacha lile blanketi. Nilitaka liwake. Nilitaka sana mume wangu atoke ndani, azungushe ufunguo, na liwake, na mimi nijifanye sikuona kitu. Kwa dakika ile nilikuwa tayari kudanganywa, mimi niliyekunywa majani machungu ili nisidanganywe. Ni kwa sababu hiyo niliogopa, nikalivuta blanketi. Nililikunguta, nikamzungushia mzee mabegani, nikamshika mkono nikampeleka jikoni kwenye mbabula yangu yenye makaa.

Nilimpa chai akainywa. Nilimwekea mkate na mayai, akausogeza mkate pembeni kwa heshima. Nikamuuliza kama naye tumbo linamuuma. Mzee yule alinitazama juu ya kikombe, na macho yake yakacheka kabla ya mdomo.

"Mama, miye niliuza kakao miaka mingi," alisema. "Nikikula kwako mbele ya bei, nitashusha bei. Weye unajua ile."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kumbe siku nzima ile alikuwa amenijua, na alimwacha mkewe anichemshie dawa.

Mume wangu alipotoka, majirani kadhaa walikuwa wameshasimama kando ya ule ua uliokatwa, wakijifanya wana shughuli. Alipanda, akafunga mlango. Nilisimama na mzee, yeye katika blanketi. Ufunguo ukazunguka. Injini ikajizungusha kwa uzito, polepole, kama mtu anayeitwa akiwa usingizini, ikaacha. Akazungusha tena. Ikashika, ikakohoa mara moja, ikazima. Mzee alinishika kiwiko, na alinishika kwa nguvu. Mume wangu hakuendelea mara moja kama vijana wanavyofanya wakaua betri. Alingoja. Niliona kupitia kioo kwamba amefumba macho.

Akazungusha. Injini ikaanza kuvuta, ikatetemesha kibanda kizima, ikatoa moshi mweupe mwingi uliochanganyika na ukungu mpaka hatukuona lori wala majirani, tukasikia tu. Na tulichosikia kwanza ni mlio wa kukwaruza, kisha mlio wa kuchagua njia, kisha mlio ulionyooka. Moshi ukapungua. Ukawa wa kijivu, ukawa hewa tu. Mume wangu aliiacha ijipige moto yenyewe bila kukanyaga mafuta, kisha akashuka, akafungua ule mfuniko wa oili, akaweka kiganja chake, akasikiliza kwa ngozi.

Mimi nilikuwa na mpango wangu. Nilikuwa nimeshapanga maneno: kwamba limekataa mara mbili, kwamba tairi moja si ndugu wa lingine, kwamba nitalazimika kununua betri mpya. Nilikuwa nimekaza uso tayari. Mume wangu aligeuka na mkono wake mweusi wa oili, akasema kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia:

"Inabakia."

Na hapo biashara yangu ikafa. Ukishasema kitu kinabaki, umebakiza nini cha kupunguza? Nilimkazia macho, lakini alikuwa halioni jicho langu wala la mtu mwingine. Alikuwa akicheka peke yake. Mzee, kwa heshima yake, hakutumia ule upumbavu wetu. Alitaja bei iliyo chini kidogo ya ile ya kwenye simu, akasema punguzo hilo ni la blanketi, tukapeana mikono, tukaita majirani wawili wawe mashahidi. Kisha mzee akarudi jikoni, akavuta sahani, na alikula mayai yote, mkate wote na kiporo cha maharagwe kilichokuwa cha watoto.

Mume wangu alisema atamrudisha mzee Beni mwenyewe, hawezi kumwacha apande pikipiki na mguu ule. Mzee alipanda upande wa abiria, blanketi langu bado liko mabegani, sikulidai. Mume wangu akapanda, akarekebisha kioo, akawasha, sasa injini ikiwa na joto ikaitikia mara moja. Akaweka gia.

Halafu hakwenda. Nilikuwa nimesimama chini ya dirisha lake nikingoja aondoke nirudi kwenye ndizi zangu. Alikaa mikono yote miwili kwenye usukani, akitazama mbele, na lori likitetemeka taratibu. Nilidhani kuna kitu kimeharibika. Nikagonga mlango, nikamuuliza anangoja nini.

"Nangoja baniambie niende," alisema.

Alilisema kama jambo la kawaida kabisa. Kisha akajisikia alichosema. Nilimwona akijisikia: uso wake uligeuka polepole kunitazama, na hakukuwa na kicheko tena, kulikuwa na kitu ambacho sijakiona kwake hata siku tulipowazika wazazi wake. Mzee aligeukia dirisha la upande wa pili, akatupa nafasi.

Nilimwambia hakuna mtu. Nilisema kwa sauti ndogo. Hakuna mtu wa kukuambia.

Halafu alijifuta uso kwa mkono uliokuwa bado na oili, akashika usukani tena.

"Donc, basi naenda," alisema, na hakuwa akimwambia yeyote kati yetu, akaachia breki.